Rangi Mbili za Kijani, Kingamwili Moja: FITC na Alexa Fluor 488 katika Maabara ya Pwani

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikitumia rangi mbili za fluoresensi, yaani zinazong'aa zikimulikwa, kuitia alama kingamwili ileile, kwenye meza ileile na chini ya hadubini ileile, na nimeona ni vyema niandike tathmini yake kabla sijasahau ni ipi iliyonichosha na kwa sababu gani. Ya kwanza ni FITC, yaani isothiosayaneti ya fluoresini, unga wa rangi ya machungwa ambao viwanda vingi vya kemikali huuza katika vichupa vidogo. Ya pili ni Alexa Fluor 488, ambayo tuliinunua ikiwa katika kifurushi kamili chenye rangi iliyokwisha kupimwa, bafa (mmumunyo unaoshikilia pH), na safu ndogo za jeli za kusafishia. Zote mbili hupokea mwanga wa buluu wa takribani nanomita 495 na kutoa mwanga wa kijani wa takribani nanomita 519. Kwa hiyo hutumia kichujio kimoja, na mtu anayechungulia kwa sekunde chache tu anaweza kuapa kwamba anatazama kitu kimoja.

Kazi yetu ni kutafuta oosisti za kimelea kiitwacho Cryptosporidium katika kinyesi cha ndama wanaoharisha na katika maji ya mito wanayonywea. Oosisti ni kifuko kigumu ambamo kimelea hujihifadhi kinapokuwa nje ya mwili wa mnyama; ni cha duara, kina upana wa maikromita 4 hadi 6, yaani ni kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na chini ya hadubini ya kawaida hufanana mno na chembe za hamira. Kingamwili inayoushika ukuta wa kifuko hicho, ikiwa imebeba rangi, hukigeuza kuwa pete ya kijani kama jani changa la mgomba likipigwa na jua. Tukiongeza DAPI, rangi ambayo hung'aa buluu inapojishika kwenye DNA, tunaweza kuona hadi nukta nne ndani ya pete, ambazo ni viini vya sporozoiti nne, yaani vimelea vichanga vilivyomo ndani ya kifuko. Pete peke yake hunifanya nishuku, ila pete yenye nukta hunifanya niandike jibu.

Wenzetu wanaoshirikiana nasi walitupatia kingamwili ya panya, aina ya IgG, ambayo haikuwa na rangi yoyote. Tungeweza kuitumia hivyo hivyo na kuifuatishia kingamwili ya pili yenye rangi, njia ambayo huongeza mng'ao kwa kuwa kingamwili kadhaa za pili huweza kuishika ile moja ya kwanza. Lakini kinyesi cha ndama mchanga kina immunoglobulini (yaani kingamwili) nyingi za ng'ombe zitokanazo na dang'a, na ile kingamwili ya pili tuliyokuwa nayo haikuweza kutofautisha vizuri protini ya panya na ya ng'ombe. Slaidi nzima ilikuwa kijani. Ndipo tulipoamua kuitia rangi kingamwili ya kwanza yenyewe.

Nianze na FITC, kwa kuwa ndiye mkongwe. Albert Coons na wenzake wa Harvard walionyesha mwaka 1941 kwamba kingamwili inaweza kubeba rangi ing'aayo bila kupoteza uwezo wake wa kutambua antijeni, yaani kile inachokikamata, na muda mfupi baadaye wakahamia kwenye fluoresini, rangi ambayo Adolf von Baeyer alikuwa ameitengeneza tangu mwaka 1871. Isosayaneti waliyoitumia ilihitaji fosijeni katika utengenezaji wake, gesi ileile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza, na haikudumu ikihifadhiwa. Mwaka 1958 ndipo isothiosayaneti ilipochukua nafasi yake, na tangu hapo mtu wa maabara ya kawaida akaweza kupima unga kwenye mizani na kufanya kazi hii bila barakoa ya gesi. Zaidi ya miaka sitini imepita na unga huo bado unauzwa, jambo ambalo kwangu ni sifa tosha, maana katika maabara vitu vibaya havikai rafuni muda mrefu hivyo.

Namna ya kuutumia haina siri. Kingamwili huwekwa katika bafa ya kaboneti ya sodiamu yenye pH 9, ikiwa na ukolezi wa angalau miligramu 2 kwa mililita. FITC huyeyushwa katika DMSO, kiyeyushi kisicho na maji, kisha hudondoshwa kidogo kidogo, maikrolita 5 kwa wakati, huku mmumunyo ukikorogwa taratibu. Chombo hufunikwa kwa karatasi ya alumini na kulazwa kwenye friji usiku kucha. Asubuhi kinachobaki ni kusimamisha mmenyuko kwa kloridi ya amonia na kupitisha kila kitu kwenye safu ya jeli ya Sephadex G-25. Hapa ndipo macho hufurahi: mikanda miwili ya njano hujitenga, wa kwanza ukishuka haraka kwa kuwa kingamwili ni molekuli kubwa isiyoingia katika vitundu vya jeli, na wa pili, wa rangi iliyobaki huru, ukijikokota nyuma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ulafi. Nilifikiri kwamba rangi nyingi ni mwanga mwingi, nikaongeza FITC mara tatu ya kipimo. Nilipopima baadaye nikakuta kila kingamwili imebeba wastani wa molekuli 9 za rangi, nikafurahi, hata nikamwonyesha mkuu wangu wa maabara. Chini ya hadubini oosisti zilikuwa hafifu kuliko nilivyotarajia, na uchafu wote uliozizunguka ulikuwa unang'aa. Sababu ni mbili na zote zinajulikana. Kwanza, fluoresini hupokea na kutoa mwanga katika mawimbi yanayokaribiana sana, kwa hiyo molekuli zake zikisongamana juu ya protini moja hupokezana nguvu na kuzimana zenyewe kwa zenyewe. Pili, rangi hujishika kwenye lisini (aina ya asidi amino) za kingamwili, na lisini nyingine ziko palepale kingamwili inapoikamata antijeni. Ukizijaza zote, umeiziba mikono. Zaidi ya hayo, kingamwili iliyobebeshwa kupita kiasi hunatanata na kuangukia popote. Niliporudia kazi nikapata wastani wa karibu 4, pete zikatokea safi. Mkuu wangu hakusema neno, na nilimshukuru kwa hilo.

Anayefanya kazi hii asiridhike na rangi anayoiona kwa macho kwenye kichupa. Apime. Spektrofotomita yoyote, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, inayosoma nanomita 280 na 494 inatosha, na hesabu yenyewe ni ya dakika mbili. Katika fungu mojawapo la kingamwili niliyoitia Alexa Fluor 488 nilisoma 0.62 kwenye 280 na 0.86 kwenye 494. Kwa kuwa rangi nayo hufyonza mwanga kidogo kwenye 280, huondolewa asilimia 11 ya usomaji wa pili, na hubaki takribani 0.525; nikigawanya kwa 210,000, ambacho ni kigawe cha ufyonzaji cha IgG, napata maikromola 2.5 za kingamwili. Upande wa rangi, 0.86 kugawanya kwa 71,000, kigawe cha rangi yenyewe, ni maikromola 12.1. Uwiano ni 4.8, yaani karibu rangi tano kwa kila kingamwili, na hapo ndipo ninapopapenda. Kwa FITC kiasi kinachoondolewa ni kikubwa zaidi, kama asilimia 30, na anayesahau tofauti hiyo atajidanganya kuhusu kiasi cha protini alichonacho.

Sasa Alexa Fluor 488. Familia hii ya rangi ilitoka Molecular Probes, kampuni iliyokuwa Eugene katika jimbo la Oregon, Marekani, chini ya Richard na Rosaria Haugland, na jina lake linatokana na jina la mtoto wao wa kiume. Kikemia ni ndugu wa fluoresini aliyeongezewa vikundi vya salfoneti, ambavyo huipa chaji hasi na kuifanya iyeyuke kwenye maji kwa urahisi. Ndiyo maana kingamwili huweza kubeba molekuli zake nyingi kidogo bila kuzimika wala kuganda. Katika kifurushi chetu rangi ilikuwa esta yenye hamu ya kujishika kwenye amini (vikundi vyenye nitrojeni, kama vile vya lisini), na ilihitaji saa moja tu katika joto la chumba, kwenye bikaboneti ya pH 8.3. Nilianza baada ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha mchana kingamwili ilikuwa imesafishwa na kupimwa. Kwa mtu aliyezoea kulaza FITC usiku kucha huku akiomba umeme usikatike, hilo si jambo dogo.

Lakini esta hizi haziivumilii hewa yenye unyevu, na sisi tuko pwani. Maji huzivunja: esta ya suksinimidi katika pH 8.6, hata ikiwa kwenye nyuzi 4, hupoteza nusu ya nguvu yake katika dakika kama kumi. Kifurushi chetu cha kwanza kiliagizwa kupitia wakala ambaye sitamtaja. Kilifika uwanja wa ndege siku ya Ijumaa, na kikakabidhiwa kwetu Jumanne barafu kavu ikiwa imekwisha na sanduku likiwa limelowa kwa ndani. Nilikitumia hivyo hivyo kwa kuwa fedha ilikuwa imeshatoka. Matokeo yalikuwa ya kipekee kiasi kwamba ningependa kila mwanafunzi wangu ayaone mara moja: rangi ilikuwa nzuri, kijani chenye njano kali, ikachanganyika vizuri, na kwenye safu ya jeli ukashuka mkanda mmoja tu, ule wa nyuma. Kingamwili ilikuwa imepita mbele bila rangi hata chembe. Rangi iliyovunjwa na maji hung'aa kama kawaida, ila imepoteza mkono wa kushikia. Wakala alijibu barua yetu ya tatu kwa kusema kwamba kifurushi kilitoka kiwandani kikiwa kizima, jambo ambalo hatukuwahi kulibishia.

Kifurushi cha pili tulikifuata wenyewe, na tangu hapo kuna kanuni moja kwenye mlango wa friza yetu: kichupa chochote cha rangi hukaa mezani mpaka kifikie joto la chumba ndipo kifunguliwe. Kichupa baridi kikifunguliwa katika hewa ya hapa hutoa jasho kwa ndani ndani ya nusu dakika. FITC nayo huharibiwa na unyevu, ingawa hustahimili zaidi, na ikiwa unga mkavu uliowekewa silika ya kufyonza unyevu hutulia kwenye friza kwa muda mrefu.

Kabla sijafika kwenye hadubini, niseme neno kuhusu bafa, kwa maana ndiyo iliyotupotezea kingamwili nyingi kuliko kosa lolote la rangi. FITC na esta ya Alexa zote hutafuta amini, na hazichagui. Ikiwa kingamwili imehifadhiwa katika Tris au glisini, ambazo nazo zina amini, rangi itajishika huko. Ikiwa imeongezewa albumini ya ng'ombe, protini ya damu, ili idumu, kama ilivyo desturi ya wauzaji wengi, albumini itapata rangi kwa wingi na wewe utapata kichupa cha albumini ya kijani. Azidi ya sodiamu, dawa ya kuzuia bakteria, nayo huingilia mmenyuko. Kwa hiyo kingamwili huoshwa kwanza, kwa usiku mmoja wa dialisisi (kuosha kupitia utando) au kwa kichujio cha sentrifuji, hadi ibaki peke yake katika bafa isiyo na amini, na azidi huongezwa baadaye kazi ikishamalizika. Karatasi ya maelezo ya kifurushi inayasema haya yote, ila kwa herufi ndogo na ukurasa wa pili, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki.

Chini ya hadubini ndipo fedha ya Alexa inapojilipa. Tulikuwa na taa ya zebaki ya wati 100, ambayo balbu yake huhesabiwa maisha ya saa 200, na baadaye tukahamia kwenye LED ya nanomita 470. Slaidi za FITC chini ya taa ya zebaki zilinipa muda wa kuiona pete, kurekebisha fokasi, na kuanza kuijutia; nikifika kwenye kupiga picha ya tatu, kijani kilikuwa kimegeuka kivuli. Fluoresini hufifia haraka inapomulikwa, huo ni udhaifu wake wa kuzaliwa nao. Pia mng'ao wake hutegemea pH, kwa kuwa pKa yake, yaani pH ambapo nusu ya molekuli hubadili chaji, iko karibu 6.4, hivyo slaidi iliyofunikwa kwa gliserini yenye asidi kidogo hufifia hata kabla haijamulikwa. Tiba yake ni rahisi na imo ndani ya uwezo wa kila maabara: gliserini ya asilimia 90 katika bafa ya pH 8.5 yenye DABCO, kemikali ya bei nafuu inayopunguza kasi ya kufifia. Tangu nianze kuitumia, FITC imenipa muda wa kutosha kuhesabu slaidi nzima ya kinyesi bila kukimbizana nayo.

Alexa Fluor 488 haijali pH kuanzia 4 hadi 10, na chini ya LED niliiacha pete moja ikimulikwa huku nikijibu simu, nikarudi nikaikuta pale pale. Sikupima kwa saa, ila picha zangu za mwanzo na za mwisho zilikaribiana kiasi kwamba nililazimika kuangalia namba za faili nijue ipi ni ipi. Kwa mtu anayepiga picha kwenye hadubini ya konfokali, ambako leza hupita juu ya sehemu moja mara nyingi na kwa tabaka nyingi, sidhani kama kuna mjadala.

Maji ya mto ni habari nyingine, na hapa rangi zote mbili zilinifedhehesha kwa kiwango kimoja. Maji ya mto yana mwani, nyuzi za mimea, vumbi la udongo na chembe zisizo na jina, na vingi katika hivyo hung'aa vyenyewe bila kutiwa rangi. Kijani ndiyo rangi vinavyoipenda zaidi. Niliwahi kufikiri kwamba nitahamia kwenye rangi nyekundu ili niepuke ukungu huo, nikajaribu sampuli ndogo ya Cy5, ambayo hutoa mwanga kwenye nanomita 670. Yapo mambo mawili ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kuomba fedha. Klorofili ya mwani hung'aa nyekundu karibu na nanomita 680, kwa hiyo nilikuwa nimekimbia mvua nikaingia mtoni. Na jicho la binadamu karibu halioni mwanga huo, hivyo bila kamera nzuri mtu hutazama giza. Cy3, yenye mng'ao wa nanomita 570, hupita katikati ya matatizo hayo mawili kwa kichujio chembamba, na ingekuwa chaguo langu la tatu kama kichujio chetu kingekuwa chembamba. Kuna wanaosifu fikoerithrini, protini ing'aayo sana itokayo kwenye mwani mwekundu. Kwa mashine za kuhesabu seli ni sahihi kabisa, lakini ina uzito wa kilodaltoni 240, mzigo mkubwa kuliko kingamwili yenyewe yenye 150, na kwenye slaidi hufifia upesi.

Kilichosaidia katika maji ya mto hakikuwa rangi mpya. Tulisafisha sampuli kwa shanga za sumaku zenye kingamwili kabla ya kuzitia rangi, tukaweka slaidi moja isiyotiwa kingamwili katika kila kundi ili tujue mng'ao wa asili unafananaje, na tukashikilia sharti la nukta za DAPI. Hapo Alexa ilisogea mbele tena, kwa sababu kubadilisha kichujio kutoka buluu kwenda kijani na kurudi, mara tatu au nne kwa pete moja inayotiliwa shaka, huchukua muda, na FITC haikuwa na muda huo.

Kuhusu gharama nitasema hivi tu: kichupa kimoja cha FITC tulichonunua kimetuwezesha kufanya mafungu yote ya mwaka mzima na bado unga umejaa, ilhali kifurushi cha Alexa kilitosha mafungu machache na bei yake ilikuwa ya kutia uchungu hata kabla ya usafiri wa barafu kavu. Anayetaka kujifunza aanze na FITC. Makosa yake ni ya bei nafuu, na yanafundisha yaleyale.

Kwa sasa tumegawa kazi. Slaidi za kinyesi cha ndama, ambazo ni nyingi na zinahitaji jibu la ndiyo au hapana na hesabu, hutiwa kingamwili ya FITC yenye uwiano wa 4, chini ya gliserini ya pH 8.5. Maji ya mto, pamoja na slaidi yoyote itakayopigwa picha, hupewa Alexa Fluor 488. Vyote hugawanywa katika vichupa vya maikrolita 50, hufunikwa kwa alumini na kukaa kwenye friji ya nyuzi 4, kamwe si kwenye friza, kwa kuwa kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hufanya kingamwili zigandamane, nazo huonekana kwenye slaidi kama vumbi la kijani. Kabla ya kutumia kichupa cha zamani nakizungusha kwenye sentrifuji dakika tano na kuchota sehemu ya juu tu. Kichupa cha FITC cha mwezi wa nane nilikitumia Alhamisi iliyopita kwa ndama sita. Wawili walikuwa na pete, na mmoja kati yao alikuwa na nukta zote nne.